Kumuuliza Mnyama Aliyetoweka

Masomo ya juma hili: Ayubu 12:7–10, Ayubu 39:9–12



Ayubu alipochoshwa na hotuba za rafiki zake watatu, aliwapa jibu ambalo sisi wachungaji hatulihubiri mara nyingi. Aliwaambia, kwa maneno yangu mimi, waache kumfundisha yeye na waende shule kwa wanyama. Wakamuulize mnyama wa kondeni, wamuulize ndege, samaki, hata ardhi yenyewe. Wote hao wanaujua mkono uliowafanya. Ni kejeli ya kistaarabu. Wazee wenye hekima zao wanaambiwa mwalimu wao yuko zizini.

Kijana mmoja wa kanisa letu, anayesoma sayansi chuoni, aliporudi Tororo likizo aliniuliza juu ya fungu hilo: "Mchungaji, na mnyama aliyetoweka, huyo naye anaulizwaje?" Nilidhani ananitega. Kumbe alikuwa na habari ya kunieleza, nami nimeifuatilia tangu siku hiyo, kwa sababu inagusa zaidi ng'ombe wetu wa hapa mpakani mwa Uganda na Kenya kuliko nilivyotarajia.

Tasmania ni kisiwa kilicho kusini mwa Australia. Huko aliishi mnyama aitwaye thailasini, mwenye umbo la mbwa na milia mgongoni, ambaye jike lake lilibeba watoto katika mfuko wa tumbo kama kangaruu. Wafugaji wa kondoo walimtwika lawama ya kila mwanakondoo aliyepotea, na kati ya 1888 na 1909 serikali ya kisiwa ililipa fedha kwa kila thailasini aliyeuawa. Malipo yalizidi 2,000. Wa mwisho anayejulikana alikufa katika bustani ya wanyama ya Hobart tarehe 7 Septemba 1936. Zilibaki ngozi, mifupa, na watoto wachache waliotolewa mfukoni mwa mama zao wakahifadhiwa katika chupa za spiriti kwenye majumba ya makumbusho.

Mwaka 2008, Andrew Pask na Marilyn Renfree wa Chuo Kikuu cha Melbourne, pamoja na Richard Behringer wa Texas, walitoa vinasaba katika mabaki ya namna hiyo. Vilikuwa vimekatikakatika kwa uzee. Wakachagua kipande kimoja kidogo, kile kinachoiamuru jeni ya kutengeneza gegedu ianze kazi wapi na lini. Wakakiunganisha na jeni nyingine inayowezesha seli kugeuka buluu maabarani, kisha wakakitia ndani ya mayai ya panya yaliyokwisha kurutubishwa. Vijusi vya panya vilipokua wakavichunguza. Pale gegedu ilipokuwa ikijiunda, mahali ambapo mifupa ya kesho huanzia, palikuwa na rangi ya buluu. Amri iliyokuwa imenyamaza kwa karibu miaka 100 ndani ya chupa ilikuwa imesikika, na mwili wa panya ukaitii.

Ni kama barua ya marehemu babu inayosomwa kwa sauti na mjukuu wake. Maneno ni ya babu, koo ni la mjukuu, na kila anayesikiliza anajua kwamba babu bado yuko kaburini.

Najua wahubiri wenzangu mmeshaanza kufungua Ezekieli 37. Fungeni kwanza. Katika lile bonde mifupa ilisogeleana, ikavikwa nyama na ngozi, ikapewa pumzi, na jeshi zima likasimama kwa miguu yake. Huko Melbourne hakuna aliyesimama. Watafiti wenyewe walilijua hilo. Walitaka kujua jeni ya mnyama asiyekuwapo tena ilikuwa ikifanya kazi gani, na njia ya kulijua hilo ni kumwomba mnyama aliye hai aifanye kazi hiyo kwa niaba yake. Ayubu angewaelewa.

Miaka miwili baadaye, 2010, Kevin Campbell wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, na wenzake waliuliza swali kama hilo kwa mamothi, yule ndovu mwenye manyoya wa nchi za barafu. Walichukua mabaki ya mamothi wa Siberia aliyeishi miaka 43,000 iliyopita (anayetatizwa na hesabu ya miaka tuzungumze baada ya ibada, chai ipo), wakasoma jeni zake za himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kisha wakazitia katika bakteria. Bakteria wakatengeneza himoglobini ya mamothi. Walipoipima waliona kwamba iliweza kuachilia oksijeni hata katika baridi kali, mahali ambapo himoglobini ya ndovu wa nchi za joto ingeing'ang'ania. Hivyo ndivyo miguu yake ilivyoweza kukanyaga barafu bila kufa ganzi. Hakuna mfupa ambao ungetuambia habari hiyo kwa kutazamwa tu. Ilibidi damu itengenezwe upya, na waliotumwa kuitengeneza ni vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Mimi nikisoma hayo namsifu Mungu, na sioni haya kusema hivyo madhabahuni. Mithali 25 inatufundisha kwamba kuficha jambo ni utukufu wa Mungu, na kulichunguza ni utukufu wa wafalme. Aliyeficha namna ya kupasha mguu wa mamothi moto hakukataza mtu kuitafuta.

Siwasifu vivyo hivyo wale wa kampuni ya Marekani iitwayo Colossal, waliotangaza Aprili 2025 kwamba wamemrudisha mbwamwitu mkubwa wa kale aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita. Walichofanya ni kubadilisha sehemu 20 katika jeni 14 za mbwamwitu wa kawaida wa siku hizi, wakapata watoto watatu weupe, wenye maumbo makubwa. Ni kazi ya ustadi, sibishi. Lakini Bwana wetu alituonya juu ya mbwamwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Hakufikiria kutuonya juu ya mbwamwitu aliyevaa ngozi ya mbwamwitu mwingine.

Sasa tugeukie sura ya 39 ya Ayubu, kwa maana hapo ndipo jambo hili linapofika Busia.

Mungu anajibu katika upepo wa kisulisuli, na jibu lake ni maswali matupu juu ya wanyama. Anapofika kwa mnyama tunayemwita nyati katika Biblia zetu, anamuuliza Ayubu kama mnyama huyo atakubali kumtumikia na kulala karibu na hori lake. Je, Ayubu ataweza kumfunga kamba na kumwongoza mitaroni? Atamlimia mabonde? Ayubu atamwamini aende shambani amletee mavuno? Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kwamba anayezungumziwa ni ng'ombe-mwitu mkubwa anayeitwa oroksi, ambaye dume lake lilifika urefu wa mtu mzima begani. Huyo Mungu alimtaja kwa fahari, kama fundi anayeonyesha kazi yake.

Oroksi ametoweka. Makao yake ya mwisho yalikuwa msitu wa Jaktorów, nchini Poland. Mfalme aliwalinda. Wanakijiji waliowatunza walisamehewa kodi, na mwaka 1564 walinzi walihesabu oroksi 38 tu. Ng'ombe wa kufugwa waliendelea kuingizwa katika malisho yao, na idadi ikazidi kushuka. Dume wa mwisho alikufa 1620. Pembe yake ilifanywa baragumu la mawindo na sasa iko katika jumba la makumbusho la Stockholm. Jike wa mwisho alikufa 1627. Mnyama ambaye Mungu alimtumia kumnyamazisha Ayubu amebaki pembe moja ukutani, mifupa mapangoni, na kitu kingine kimoja.

Hicho kingine ndicho kinachokula nyasi nyuma ya kanisa letu. Karibu ng'ombe wote wa kufugwa duniani ni uzao wa oroksi. Wasio na nundu walifugwa mara ya kwanza Mashariki ya Kati, huko kwenye sehemu za juu za mito Frati na Tigri, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Wenye nundu, yaani zebu, walifugwa kando ya mto Indus kutoka tawi jingine la oroksi, tawi lililokuwa limeachana na lile la kwanza kwa mamia ya maelfu ya miaka. Matawi hayo mawili yamekutana tena katika mwili mmoja, na mwili huo ni wa ng'ombe wetu wa kienyeji.

Hili halikukisiwa tu. Kati ya 2007 na 2010 mradi mkubwa wa utafiti ulipiga kambi Busia, upande wa Kenya. Ulihusisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ya Nairobi na wengineo. Waliandikisha ndama 548 wa kienyeji katika juma lao la kwanza la maisha, wakawatembelea kila baada ya majuma matano mpaka walipokaribia kutimiza mwaka. Fikirieni kazi hiyo: kumfuata ndama mmoja katika matope ya masika, kumpima uzito, kumtoa damu, kuhesabu kupe wake, kisha kwenda kwa wa pili, mpaka 548. Kwa hesabu yao, katika kila ndama 100, takriban 16 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Katika maradhi, muuaji mkuu alikuwa ndigana kali inayoletwa na kupe, ile ile ambayo mama zetu huitambua kwa kupapasa matezi chini ya sikio la ndama.

Damu hiyo ilisomwa vinasaba vyake. Mary Mbole-Kariuki na wenzake walichapisha matokeo 2014: kwa wastani, asilimia 84 ya urithi wa ng'ombe hawa ni wa zebu kutoka Asia, na asilimia 16 ni wa ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Hao wasio na nundu hatuwaoni tena katika vijiji vyetu kama kundi lenye jina. Hata mzee kuliko wote sokoni hawezi kukuonyesha mmoja. Lakini sehemu ya sita hivi ya kila ng'ombe anayepita barabara ya Malaba bado ni yao, na inafanya kazi usiku na mchana.

Kuna jambo jingine lililonisimamisha. Urithi ule unaopita kwa mama peke yake, ukifuatiliwa katika zebu wa Afrika, unaishia kwa wale wasio na nundu. Maana yake ni kwamba nundu ililetwa na mafahali. Majike walikuwa wenyeji, wakapandwa na wageni, vizazi vikafuatana, mpaka mwili wote ukafanana na baba. Mama alipotea machoni, asipotee ndani. Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Bwana wetu, anaweka Tamari, Rahabu na Ruthu katikati ya majina ya wanaume ili tusiwasahau mama hao. Ng'ombe hawana Mathayo wao, kwa hiyo ilibidi maabara iandike orodha.

Na mpaka haubadilishi kitu hapa. Ng'ombe wa Tororo na wa Busia, wa Wasamia, Wateso na Wajopadhola, walilelewa na kutolewa mahari kabla Mwingereza hajachora mstari, na hata sasa wanavuka kwa njia zao bila kupitia kwa watu wa forodha.

Kwa nini ile asilimia 16 haikufutika? Jibu kamili bado linatafutwa, lakini nchi yetu inatoa dokezo. Huku ni kwa mbung'o. Shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa nagana na malale liliweka makao yake Tororo kwa sababu maradhi hayo ya mbung'o yalikuwa mlangoni. Afrika Magharibi wako ng'ombe wasio na nundu, N'Dama, wanaoumwa na mbung'o na bado wakanenepa. Wataalamu wanahisi kwamba wale wahenga wa hapa walikuwa na uvumilivu wa aina hiyo, na kwamba ng'ombe wetu alichukua kwa mama yake kilichomsaidia kuishi. Utafiti wa Busia ulionyesha pia upande wa pili: ndama waliokuwa wamechanganyika na damu ya ng'ombe wa Ulaya waliugua zaidi kuliko wenzao.

Jumapili ya mavuno mama mmoja aliyefiwa na mumewe alileta ndama dume mwekundu kama shukrani. Alikuwa amefungwa kamba ya katani shingoni. Mwanakwaya aliyekuwa amemshika aliona kupe ndani ya sikio lake, akamng'oa kwa kucha na kumponda kwa kisigino bila kuacha kuimba. Mnada ulianza kwa shilingi za Kenya na kuishia kwa za Uganda, mweka hazina akatoa simu kupiga hesabu. Mnunuzi, mtu mwenye ng'ombe wengi, alinong'ona nami nikasikia: angekuwa wa gredi ningetoa mara tatu.

Sikumlaumu. Ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa maziwa ya chai na kikombe cha mtoto. Wa gredi, yaani wenye damu ya Ulaya, hujaza ndoo na kulipa karo. Mimi si wa kumwambia mjane abaki na umaskini wake ili vinasaba vihifadhiwe. Hata hivyo namwomba mnunuzi yule, na wafugaji wote, wafikirie walichokuwa wakipiga mnada. Wale wasio na nundu hawakuchinjwa wote siku moja. Walipandishwa na fahali bora zaidi kwa macho ya wakati ule, zizi moja baada ya jingine, na kila mwenye zizi alikuwa na sababu nzuri. Tukimpandisha kila jike wetu kwa mbegu ya Friesian mpaka asibaki hata mmoja wa kienyeji, wajukuu wetu watakuja kuuliza ng'ombe wa Busia alivumiliaje kupe na mbung'o, na jibu watalitafuta katika damu iliyogandishwa kwenye friji za Nairobi.

Watapata jibu, pengine. Lakini nirudi kwa Ayubu. Swali la Mungu juu ya kulima limejibiwa katika nchi hii. Teso yote inajua plau la kukokotwa na ng'ombe tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Maksai wanafungwa nira alfajiri, wanaitwa kwa majina yao, wanageuka mwisho wa mtaro bila kuchapwa. Wazao wa yule asiyefungika wanatulimia. Mwaka 2015 watafiti walisoma vinasaba vyote vya oroksi mmoja, kutoka mfupa wa miaka karibu 6,750 uliotoka pangoni huko Derbyshire, Uingereza, wakavilinganisha na vya ng'ombe wa leo. Mabadiliko waliyoyaona yalihusu jeni za ubongo, ukuaji na kinga, miongoni mwa nyingine. Mimi si mtaalamu, lakini nadhani humo ndimo ulimo upole wa kukubali nira.

Kwa hiyo jeni za oroksi ziko hai, tena nyingi kuliko zilivyopata kuwa wakati wowote msituni. Na bado oroksi hayupo. Mungu hakumwonyesha Ayubu jeni. Alimwonyesha mnyama mzima, na sifa aliyoitaja ndiyo hasa iliyopotea: kukataa kulala horini. Ng'ombe amebeba kila kitu cha babu yake isipokuwa kile ambacho Mungu alijivunia. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kutoweka si neno siku hizi, tutawarudisha. Kinachorudi ni sauti ya kipande, kwa hisani ya koo la mwingine, na hata hiyo kwa bahati ya kipande kuhifadhiwa.

Yule kijana aliniuliza kama ni dhambi kutia jeni ya mfu katika panya aliye hai. Nilimjibu kwamba sioni dhambi katika kuuliza, na kwamba Mithali 12 inampa mwenye haki wajibu kwa uhai wa mnyama wake, kwa hiyo amtendee panya vyema. Dhambi naiona mapema zaidi, kwenye zile fedha za Tasmania kwa kila kichwa. Uganda nasi tunayo ya kwetu. Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi West Nile, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifaru wote wa nchi yetu walikuwa wamemalizwa kwa bunduki. Dume wa mwisho wa jamii hiyo duniani, Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Viinitete vimetengenezwa kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokufa, vimegandishwa Ulaya, vikisubiri tumbo la kifaru wa kusini litakalokubali kuvibeba. Nawaombea wanaofanya kazi hiyo. Nawaombea pia kwa sababu wao wanatafuta mnyama mzima, na wana majike wawili tu wa kumfundisha ndama wao, akizaliwa, namna ya kuwa kifaru wa kaskazini.

Tuombe.

Ee Mungu uliyemfanya oroksi na hukutushauri, tunakushukuru kwa kilichobaki chake katika mazizi yetu. Walinde ndama wa Busia na Tororo na ndigana msimu huu wa mvua, na uwape madaktari wa mifugo mafuta ya pikipiki. Uwakumbuke Najin na Fatu. Uwape unyenyekevu vijana wetu walio katika maabara, na sisi tusio katika maabara utupunguzie uvivu wa kusoma. Umbariki mama aliyetoa ndama wa mavuno. Na yule ndugu aliyemnunua, ambaye bado hajaleta nusu ya pili ya fedha, umkumbushe kwa upole kabla ya Jumapili. Amina.